Bustani ya Babu Isiyokuwepo

Uliangalia pembeni. Usinikatalie. Fulana za kijani zilipopita kwenye kichochoro chako, ulishusha pazia ukaongeza sauti ya redio. Na wiki iliyopita, tulipomwacha Umuhoza amesimama mbele ya geti la Rebero, geti likaanza kufunguka, wewe ulikunja gazeti ukafungia sambusa.

Haya, likunjue. Geti limefunguka.

Aliyelifungua si mlinzi, wala si mfanyakazi wa ndani. Ni Jean-Bosco, mjomba wake Umuhoza, ndugu wa tumbo moja na mama yake. Amevaa kandambili za nyumba ile, suruali imekunjwa mpaka magotini, mikono ina udongo. Amesimama kama mtu aliyezoea kuwa pale.

Umuhoza hakumsalimia. Nyumba ile ni ya Madamu Gahongayire, mwanamke aliyeamuru mchumba wake akamatwe. Sasa anamkuta mjomba wake ndani ya ua huo, na viatu vya wenyewe miguuni.

"Mjomba," alisema, "ni wewe uliyemuuza Keith?"

Mzee alijipangusa udongo wa mikono. Akageuka kutazama nyumba.

Na wewe uliyeanza kusoma leo, usijali, hutapotea. Umuhoza ni fundi cherehani wa Biryogo, mashine yake iko barazani kwa duka la vitambaa. Keith Mutsinzi ni mchumba wake. Kijana huyo alilelewa Mbarara, upande wa Uganda, akarudi nyumbani na kiburi kidogo na hamu kubwa ya kulima, akapata kipande cha shamba Masaka, pembezoni mwa Kigali, akapanda pilipili. Alikamatwa siku ya posa yake mwenyewe, amevaa vazi la bwana harusi, mbele ya wakwe.

Waliomkamata walijiita Wakala wa Kukomesha Dawa za Kulevya. Sisi tuliwaita Mifagio.

Unawakumbuka? Au na hilo umeshalifagia? Walianza kwa bendi na maandamano, na mkurugenzi wao, Gahongayire huyuhuyu, akasimama jukwaani akasema Kigali inayong'aa barabarani lazima ing'ae mpaka vyumbani. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Miezi ya kwanza walifanya kazi ya kweli, walimwaga madumu ya kanyanga mtaroni mbele ya kamera, mtaa mzima ukanuka pombe. Wenye mizigo mikubwa wakawasoma, wakabadilisha njia. Mifagio wakabaki na magari mapya, ofisi ya vioo, na hakuna wa kumpakia.

Ofisi inayotaka kuonekana inafanya kazi itakutafutia kosa hata kwenye kicheko chako. Walianza kukaa kwa vinyozi. Wakahudhuria misiba. Wakaja kwenye harusi zetu wamevaa vizuri, wakala nyama zetu, na simu zao mkononi.

Kisha siku moja, kati ya habari za mpira na hali ya hewa, redio ikasema Wakala umevunjwa. Basi. Hata sababu hawakutoa. Kibao kiling'olewa, jengo lao leo ni ukumbi wa mazoezi, na fulana zao za kijani ukienda Masaka utaziona migongoni mwa vijana wanaobeba matofali. Kila kitu cha Mifagio kiligawanywa kikapata mwenyewe. Watu waliofungwa nao ndio hawakupata wa kuwaulizia.

Sasa turudi getini.

Mjomba Jean-Bosco alimshika Umuhoza mkono akamvuta ndani. Kwenye baraza alikaa Gahongayire, kanga kiunoni, akipukuchua maharage. Ungempita sokoni usimjue.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Kusimama hakutamtoa."

Umuhoza alibaki wima.

Yule mama akasema anajua anachukiwa, na kwamba hawezi kuomba msamaha kwa jambo ambalo halijaisha. Umuhoza akamjibu taratibu, kwa ile sauti ya fundi anayemwambia mteja nguo haijawa tayari.

"Msamaha sikukuletea, Madamu. Niambie mjomba wangu anafanya nini hapa."

Gahongayire aliacha maharage.

"Ananing'olea magugu. Kila wiki anakuja. Mara ya kwanza nilidhani amekuja kunipiga. Hakusema kitu, alichukua jembe. Nimechoka kuutazama mgongo wake, ndiyo maana leo nimemwambia."

Amemwambia nini? Subiri kwanza. Lazima nikupitishe kwenye siku ile ya posa, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mzee wa watu analima ua wa adui yake.

Unaijua gusaba, siku ya kuomba mke. Unaijua vizuri kuliko sala zako. Msemaji wa upande wa msichana hamtoi binti yao hivi hivi. Anafufua ugomvi wa zamani, na kama hakuna anautunga: babu yenu alimwibia babu yetu fahali, shangazi yenu alimtukana nyanya yetu kisimani. Na msemaji wa upande wa bwana harusi, tunayemwita mkwe mkuu, hakatai. Hata mara moja. Anayekataa anaharibu. Anainama, anasema ni kweli, tulikosa, anaita vinywaji vije kulipia kosa, watu wanacheka, wanapiga makofi, mazungumzo yanasonga. Kosa likiwa kubwa zaidi, kukubali kunakuwa kutamu zaidi.

Siku ile msemaji wa upande wa Umuhoza alikuwa huyuhuyu Mjomba Jean-Bosco. Mkwe mkuu wa Keith alikuwa Mzee Zephaniah, aliyekulia Karagwe, Kiswahili chake kimenyooka, mtu anayeitwa kila mtaa kwa ajili ya kazi hiyo.

Jean-Bosco akasimama akadai kwamba babu yake Keith alikuwa na bustani ya urumogi, ile bangi yenyewe, nyuma ya nyumba. Kwamba alimvutisha babu yake Umuhoza mpaka mzee akacheka msimu mzima akagawa ng'ombe wake bure. Watu hoi. Zephaniah akasimama, akavua kofia, akainama mpaka fimbo ikagusa nyasi.

"Ni kweli, wazee wetu. Babu alikuwa na bustani. Na kijana wetu ndiye aliyeirithi. Tunaomba msamaha."

Kicheko kilisikika mpaka barabarani. Vinywaji vikaitwa. Kabla chupa hazijafika mezani, watu wa fulana za kijani wakaingia kwa mlango wa jikoni.

Shamba la Masaka walilichimba lote. Walikuta pilipili. Wakasema maneno yametamkwa mbele ya umati, umati umeshuhudia, inatosha.

Na usiniambie hawakujua mila. Kijana wao aliyerekodi kwa simu alioa mwaka uleule, na mkwe mkuu wake alikubali kwamba ukoo wao uliiba ngoma ya mfalme. Hakuna aliyekuja kuchimba kwao kutafuta ngoma.

Basi tangu siku hiyo Mjomba Jean-Bosco hajatamka mzaha. Ametunga uongo mmoja wa kuchekesha, na umekuwa kweli. Alikwenda Rebero si kuuza mtu. Alikwenda kujiadhibu.

Na leo asubuhi, kwa mara ya kwanza, Gahongayire alimwambia neno.

Alilomwambia ni hili. Imeundwa kamati ya kupitia upya watu wote walioachwa na Wakala. Alhamisi inakaa, na Keith yuko kwenye kundi la Alhamisi. Kamati inawaachia wote ambao hawajawahi kukiri. Hakuna ushahidi, hakuna kukiri, mtu anakwenda kwao. Lakini aliyekiri kwa mdomo wake anahesabiwa mgonjwa, na mgonjwa anabaki kwenye kile kituo cha kurekebisha walevi walikofungiwa, mpaka apone. Kupona kunaamuliwa na kituo.

"Wakati wetu ilikuwa kinyume," Gahongayire alisema. "Aliyekubali kosa aliimba wimbo wa kutubu, akaahidi, akaenda nyumbani. Aliyekataa alibaki. Mle ndani hawajui kwamba imebadilika. Hakuna aliyewaambia."

Umuhoza alikaa sasa.

Kwa sababu Keith alikuwa amekataa. Miezi yote, kila akiitwa, alikataa. Waliocheza naye karata walikubali wakaondoka, yeye akakataa. Mzee Zephaniah alimsema kwa ukaidi wake, mama yake alimlilia kwa simu kutoka Mbarara, yeye akasema hawezi kumwambia mtu kwamba ni mlevi wakati hata sigara haijui. Kile kiburi kidogo alichotoka nacho Uganda, ambacho kila mtu alikilaumu, ndicho sasa kilikuwa kimemwokoa.

"Abaki anakataa mpaka Alhamisi," Gahongayire alisema. "Hilo tu."

Jambo dogo hivyo. Umuhoza alilia, akacheka, akamkumbatia mjomba wake na udongo wake wote. Kwa yule mama hakusema asante, na yule mama hakuingoja. Alirudi kwenye maharage yake.

Walishika moto mbili, zile pikipiki za abiria, mjomba mbele, yeye nyuma. Mlima wa kituo unaupanda ukiwa umeshikilia koti la dereva. Umuhoza alimwambia dereva wake aongeze mwendo, dereva akamuuliza kama anakwenda kujifungua. Alicheka. Ndiyo, nakwambia, mchana ule alicheka barabarani, upepo usoni. Lizingatie hilo, kwa sababu halikudumu.

Kwenye geti la kituo walimkuta mtu anatoka.

Ni Mzee Zephaniah. Amevaa vazi lake la sherehe, kitambaa cheupe kimefungwa begani, fimbo ya kazi mkononi. Alipowaona alifungua mikono kama mtu anayepokea bibi harusi.

"Umekuja wakati wake, binti yangu. Nimemaliza kazi."

"Kazi gani, Baba?"

Akaeleza kwa furaha. Wenzake Keith wote waliokubali wameshatoka, sivyo? Basi leo ameingia amemkalisha kijana chini. Amemwambia hii ni kama mbele ya wakwe. Wakubwa hawataki kubishiwa, wanataka kuinamiwa. Ukikataa unaharibu. Ukikubali, wanacheka, wanasamehe, mambo yanasonga. Amemwambia: mimi nilikukubalia siku ile, sasa malizia mwenyewe, uende kwa mkeo.

Zephaniah hajapata kushindwa gusaba hata moja maishani mwake. Alitumia dawa pekee anayoijua.

Umuhoza alimshika vazi kifuani.

"Amekubali?"

"Amesema atakubali. Alikuwa anamsubiri afande wa zamu."

Alimwachia akakimbia. Nyuma yake alisikia mjomba wake akianza kumweleza mzee, kisha hakusikia kitu tena. Baadaye aliambiwa kwamba Zephaniah alikaa palepale kwenye changarawe, na vazi lake jeupe, na mlinzi alipomwambia asogee hakuweza kuinuka.

Kibanda cha wageni kina mabenchi mawili na bati juu. Umuhoza aliandikisha jina, akagombana na mlinzi, akaomba, akangoja. Kila mlango uliofunguka aliinuka.

Keith alipoingia alikuwa amenyolewa upya. Amekonda, shati linamning'inia. Lakini alikuwa anatabasamu, na lile tabasamu Umuhoza alikuwa hajaliona tangu siku ya posa. Akajua.

"Nyabo," alimwita, kama wanavyowaita mabibi kule alikokulia. "Nimekubali."

Umuhoza alikaa kwenye benchi.

"Nimekubali, Muho. Mzee alikuja akanieleza vizuri. Nilikuwa mjinga, nilijifanya mwanaume mgumu na wewe unateseka huko nje. Kiburi iko kazi gani? Nimemeza. Afande amefurahi, amenipa na mkono. Nadhani wiki ijayo niko nyumbani."

Sasa wewe uliyeangalia pembeni, angalia hapa. Usigeuze ukurasa. Msichana amekaa kwenye benchi, mwanaume anayempenda amemletea zawadi kubwa kuliko zote alizonazo, ameivunja shingo yake ngumu kwa ajili yake, na yeye peke yake mle kibandani anajua kwamba zawadi hiyo imemfunga.

"Mbona unalia, sha?"

"Ni furaha," Umuhoza alisema.

Alimdanganya. Mlaumu ukitaka. Alimwachia mchana ule mmoja wa furaha.

Keith akaanza kuuliza habari za shamba, nani anamwagilia, kama mbuzi wa jirani bado wanapita. Akasema akitoka hatapanda tena pilipili ndefu, atapanda zile za mviringo, hoteli zinazipenda. Akasema gusaba wataimalizia pale ilipokatika, vinywaji viingie tu, maana kosa limeshakubaliwa. Alicheka mwenyewe. Umuhoza aliitikia kila neno. Ndiyo. Ndiyo, mpenzi. Za mviringo.

Ndipo akauliza, kwa sababu lazima aulize kitu.

"Uliwaambia nini lakini? Ulikubali kosa gani?"

Keith alijikuna kichwa, akaona haya kidogo.

"Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Sikuwa na la kukubali. Afande anasema eleza, ulianzia wapi, nani alikupa. Mimi hata sijui inavutwaje. Nikamwambia ileile ya Mjomba. Babu alikuwa na bustani nyuma ya nyumba, alimpa babu yako, mzee akacheka msimu mzima, akagawa ng'ombe. Na mimi nikairithi. Akaandika yote, maskini, mpaka ng'ombe."

Umuhoza aliinuka.

Machozi yalikauka, nakwambia, kama yamepigwa pasi. Keith hakukiri kosa lake. Amekiri mzaha wa gusaba, neno kwa neno. Kila mtu aliyekaa kwenye viti vya plastiki siku ile aliusikia mzaha huo ukitungwa mbele ya macho yake. Akisimama mmoja tu mbele ya kamati akasema, hayo ni maneno ya Jean-Bosco, nilikuwepo, nilicheka, kukiri kote kunaanguka. Babu yake Keith alizaliwa ukimbizini akafia ukimbizini, hajapata kuwa na nyumba, achilia mbali bustani nyuma yake.

Mtu mmoja tu. Na waliojaa siku ile walikuwa wengi kiasi kwamba wengine walikaa juu ya makreti.

Alimshika Keith uso kwa mikono miwili, akamwambia atarudi. Alitoka kibandani anatembea kama mtu mwenye kwao.

Sasa njoo nikuonyeshe kwao.

Alianza Biryogo, kwa Maneno, mchoma nyama, ambaye siku ya posa alichoma mishikaki yote. Maneno alicheka siku ile mpaka akakanyaga jiko. Kovu bado liko kwenye kifundo cha mguu, watu wanalijua, yeye mwenyewe alikuwa akilionyesha kwa wateja na kusimulia habari ya babu na ng'ombe, mpaka alipoona fulana ya kijani kati ya wateja ndipo akaanza kuvaa soksi.

Maneno alimpa kiti. Akampa na soda. Akasema hakusikia kitu.

"Nilikuwa ndani ya moshi, dada yangu. Moshi unaziba hata masikio."

"Kaka Maneno. Ulikuwa unaisimulia hapa hapa."

Alipunguza sauti, akapangusa meza ambayo ilikuwa safi.

"Wamebadilisha jina tu. Masikio ni yaleyale. Mimi iko na watoto."

Akaenda kwa Cécile, jirani, ambaye kwenye picha ya posa yuko mstari wa mbele, amevaa mshanana wa njano, lile vazi la sherehe, mdomo wazi kwa kicheko. Cécile akasema alichelewa kufika, alikuja watu wanaondoka. Umuhoza akamwonyesha picha. Cécile akaitazama muda mrefu, akasema huyo anafanana naye. Kisha akamfungia mlango polepole, kwa adabu, kama unavyofunga chumba alimolala mtoto.

Akaenda kwa mwimbaji wa kwaya aliyekuwepo siku ile, akaambiwa amesafiri, na sauti yake inasikika uani akifanya mazoezi. Akaenda Masaka kwa wenye mashamba jirani na Keith. Wale hawakudanganya. Walimwambia walisikia, wanakumbuka, wanamwonea huruma, ihangane, uwe mvumilivu. Lakini Alhamisi kuna mvua, wanapanda. Jua lilikuwa kali mpaka udongo umepasuka.

Nao walimsindikiza hadi barabarani. Wakamsimamishia moto. Ni watu wazuri. Hilo ndilo linaloniua, ni watu wazuri.

Alhamisi imefika.

Ukumbi wa kamati una mapazia ya bluu na viti vingi kuliko watu. Mwenyekiti ni mama wa makamo, miwani puani, hana ukali. Keith ameletwa, shati safi, bado anatabasamu, bado hajaambiwa. Amempungia Umuhoza mkono.

Mwenyekiti akasoma kukiri kwa sauti. Bustani nyuma ya nyumba. Babu aliyecheka msimu mzima. Ng'ombe waliogawiwa. Alipofika kwenye ng'ombe alisita, akavua miwani.

Umuhoza akasimama akasema hayo ni ya gusaba. Jean-Bosco akasimama akasema ni yeye aliyeyatunga. Zephaniah akasimama, bila fimbo, akasema ni yeye aliyeyakubali, mara mbili, siku ile na juzi, na kama kuna wa kufungwa yuko hapa. Sauti yake ile ya ukumbini, iliyopata wasichana wengi wa watu, ilikuwa imebaki upepo.

Keith aligeuka kumtazama mzee. Kisha akamtazama Umuhoza. Na pale, mbele ya watu wote, tabasamu likaanza kumtoka taratibu, kwa sababu sasa ameanza kuelewa kwa nini alikuwa akilia kibandani.

Mwenyekiti alirudisha miwani puani.

"Wazee wangu, nimewaozesha mabinti wangu kwa gusaba hii hii," alisema. "Nayajua maneno haya yanakotoka. Lakini siwezi kuandika kwamba najua. Ninyi wawili ndio mlioigiza, na binti ni mchumba wake. Nahitaji mtu aliyekaa tu pale akasikia. Yupo?"

Viti vitupu vilikuwa vimepangwa vizuri sana.

"Mtu mmoja," mwenyekiti alisema, na nusura iwe kama anaomba.

Alitazama mlango. Umuhoza alitazama mlango. Keith hakutazama, alikuwa ameinamisha kichwa.

Ndipo mwenyekiti akafunga faili, akaweka mkono juu yake. Akasema kamati inakwenda kunywa chai. Wakirudi, kama hakuna aliyeingia, wataandika mgonjwa, na gari la kituo linasubiri nje.

Wametoka. Ukumbini amebaki kijana na mlinzi wake, msichana, na wazee wawili.

Sasa nasema na wewe. Ulikuwepo. Ulikula mshikaki, ulikaa juu ya kreti, ulicheka mpaka ukafuta macho. Na kama si gusaba ile, ni nyingine. Ni mtoto wa jirani mwingine, kinyozi mwingine, kijana aliyepakiwa kwenye gari ukiwa dukani unanunua sukari, ukamwambia mwenye duka aharakishe. Wakala umekufa, fulana zao zinabeba matofali, na wewe bado unawaogopa.

Usingoje kusoma kama kuna mwingine aliyekwenda. Weka gazeti chini. Vaa viatu. Mlango wa ukumbi uko wazi na mlinzi hazuii mtu, ingia ukaseme maneno matatu: nilikuwepo, nilisikia, nilicheka.

Vikombe bado viko mikononi mwao. Ondoka sasa hivi.